Yatima Darasani na Kisa cha Adili

Marehemu Sheikh Shaaban Robert (1909–1962) alitutungia kisa kifupi kiitwacho Adili na Nduguze, kilichochapishwa mwaka 1952. Ndani yake mna majini na manyani, lakini chanzo cha yote ni jambo la nyumbani: mirathi. Baba alifariki, mali ikagawanywa kwa wanawe watatu. Hasidi na Mwivu walipopoteza mafungu yao, Adili aliwapokea na kuwagawia mali yake. Malipo yake yalikuwa kutoswa baharini. Aliyemwokoa hakuwa nduguye, bali Huria, binti wa jini, ambaye Adili aliwahi kumnusuru.

Ni wepesi kwa mwalimu kukihitimisha kisa hiki kwa kusema kuwa damu ni nzito kuliko maji. Kwa wanafunzi wa Iringa na Mbeya neno hilo halitoshi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007/08 ulionyesha kuwa takriban asilimia 16 ya watu wazima wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa ndani yake, walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichoipita mikoa yote nchini. Yatima walilelewa na bibi, shangazi na baba wadogo. Wako waliotunzwa kwa huruma, na wako waliopokwa shamba na wale wale walioapa matangani kuwa watakuwa baba zao. Mtoto wa namna hii akihubiriwa kuwa ndugu hamtupi nduguye, atanyamaza, lakini hatasadiki.

Mtunzi hakumficha mtoto huyo ukweli. Hata Surat Yusuf yasimulia ndugu waliomtupa mwenzao kisimani, na mwishowe msamaha. Adili alilazimishwa kuwapiga kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, kisha akawalisha kwa huzuni. Walisamehewa baada ya Mfalme Rai kuuliza na kuisikia habari yote. Dhuluma ilitajwa kwanza mbele ya mwenye mamlaka, ndipo udugu ukaungwa.

Basi mwalimu na awaulize wanafunzi: Nani alisimama na Adili? Kwa nini alisimama? Nani angesikiliza kama Adili asingesema? Yatima atajua kuwa rafiki mwema naye ni msaada, na kwamba kudai haki ya mirathi si kuvunja udugu. Anayeuvunja ni yule aliyekula mali ya yatima.