Pilipili ya Kujaza: Samaki wa Ziwa Asibaki Mlangoni

Mwezi mmoja wa Ramadhani tulimkaribisha futari mgeni kutoka pwani, hapa nyumbani kwetu Kisumu. Mkekani palikuwa na tende, uji, viazi vya nazi, kaimati, na sahani moja ya pilipili za kujaza zilizokaangwa kwa unga wa dengu. Mgeni alikula pilipili moja, akaisifu, akanyosha mkono kuchukua ya pili. Ndipo mtoto wetu, kwa furaha ya kitoto, akamwambia kuwa ndani yake mna omena. Mkono ukarudi. "Kumbe nanyi mwala chakula cha kuku?" akauliza huku akicheka. Tulicheka naye, kwani mgeni hakemewi, lakini neno lile halikunitoka moyoni.

Sikusudii kumsuta mgeni wetu. Alisema yale ambayo watu wengi wa pwani huyasema, na mimi mwenyewe niliyasema miaka ya mwanzo nilipohamia huku. Nia yangu ni kutoa hoja moja tu: kwamba kwa Mwislamu aliyefanya makao yake Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay au popote kando ya ziwa, kitu bora cha kutia ndani ya pilipili ni samaki wa ziwa hilo. Kumwacha nje ya sahani ya futari ni kujinyima chakula kizuri, na zaidi ya hapo ni kujinyima majirani.

NANI MGENI, NANI MWENYEJI?

Wanaosema kuwa omena si chakula cha Waswahili husahau kuwa pilipili yenyewe haikuwa chakula cha Waswahili. Pilipili zote tunazozijaza, ndefu kwa fupi, kali kwa tamu, asili yake ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na mtu wa Mombasa, wa Bombay wala wa Maskati aliyezijua. Pilipili iliyojulikana ilikuwa pilipili manga. Wareno, ambao walifika Mombasa mwaka 1498, ndio walioisambaza hii nyingine katika nchi za Bahari ya Hindi, na mama zetu wakaipokea wakaifanya yao.

Kuja kwake hapa ziwani nako kuna historia. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Pamoja na reli walikuja mafundi na wenye maduka wa Kihindi. Allidina Visram, yule tajiri aliyefariki mwaka 1916, naye alikuwa na duka lake hapa. Walikuja pia Waswahili wa pwani na Waislamu wengine, na mwaka 1919 Msikiti wa Jamia ukajengwa. Bhajia na sambusa za Kisumu zimetoka katika majiko ya watu hao.

Hata majina ya pilipili yanaonyesha safari hiyo. Ile kubwa isiyowasha, pwani twaiita pilipili mboga, na Unguja huiita pilipili boga. Kisumu ukitaja hoho utapewa hiyo hiyo, ilhali katika kamusi za zamani pilipili hoho ni ile inayowasha. Basi ukienda soko la Kibuye usitaje jina tu. Nyosha na kidole.

KABLA YA KUJAZA

Pilipili ifaayo ni ile ndefu nene ya kijani, yenye urefu wa kidole cha kati au zaidi. Ipasue ubavuni kwa kisu chembamba, usifike ncha zote mbili, na kikonyo chake ukiache, kwani ndicho kishikio cha mlaji. Paka mikono mafuta ya kupikia kwanza, na usiguse macho mpaka uwe umenawa kwa sabuni.

Wengi hudhani kuwa ukali umo katika mbegu. Sivyo. Ukali hutengenezwa katika ule utando mweupe ulioshikilia mbegu, na mbegu huwasha kwa sababu zimegusana nao. Kwa hiyo apendaye pilipili ya kuliwa na wazee na watoto pia, na akwangue utando wote kwa mpini wa kijiko cha chai. Kisha azitie pilipili katika maji ya moto yenye chumvi na siki kwa dakika mbili au tatu, azitoe na kuzikausha vizuri kwa kitambaa. Pilipili yenye maji haishiki unga, na huyarusha mafuta mpaka mkononi mwa mpishi.

Wako vijana wanaofanya sahani hii kuwa shindano la uanaume. Hilo halifai. Chakula cha kufungulia ni cha wote waliokaa mkekani. Na aliyewashwa asipewe maji, kwa kuwa ile kemikali ya ukali, iitwayo kapsaisini, haiyeyuki katika maji. Mpe maziwa au mtindi. Mwenye saumu naye asianze na pilipili tumbo likiwa tupu. Atangulize tende, maji na uji.

NJIA ZA KUJAZA

Njia ya kwanza ni ya viazi, ambayo huko Jodhpur, nchini India, ni maarufu sana. Viazi huchemshwa na kupondwa, vikatiwa kitunguu thomu, tangawizi, bizari nyembamba, kotmiri, chumvi na limau. Pilipili ikishajazwa huchovywa katika unga wa dengu uliokorogwa kwa maji na manjano kidogo, uzito wa kuganda mgongoni mwa kijiko, kisha hukaangwa katika mafuta mengi. Kwa pilipili kumi na mbili kikombe kimoja cha unga chatosha. Ni njia rahisi na ya gharama ndogo, ila ni viazi juu ya unga juu ya mafuta, na anayekula tatu hataki tena kingine.

Njia ya pili ni ya Wagujarati. Unga wa dengu hukaangwa mkavu mpaka unukie, ukachanganywa na njugu zilizotwangwa, kotmiri, limau, sukari chembe na mafuta kidogo. Pilipili hujazwa na kupikwa katika kikaango kilichofunikwa, moto mdogo, zikigeuzwa pole pole. Hii ni njia ya kiungwana, nayo haili mafuta.

Njia ya tatu ni ya Waarabu, waiitayo mahshi. Huchukuliwa pilipili mboga ndogo, zikakatwa nusu na kujazwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na wali, zikaokwa au kupikwa katika mchuzi wa nyanya. Ni chakula kitamu, lakini chataka nyama, na habari ya nyama nitairudia.

Njia ya nne ni ya mbuta, yule samaki mkubwa ambaye Tanzania huitwa sangara. Minofu yake mingi husafirishwa nchi za nje, lakini mifupa inayobaki na nyama kidogo, wanayoiita mgongo wazi, huuzwa hapa hapa. Ukiipata mibichi, ichemshe kwa chumvi, limau na kitunguu thomu kwa dakika kumi. Nyama itabanduka yenyewe. Itafute miiba kwa vidole, usiamini macho. Ikamue maji, ikaange na kitunguu maji, pilipili manga na kotmiri mpaka ikauke, ndipo ujaze. Mimi huona unga wa dengu mwepesi wamfaa samaki huyu, au yai na chenga za mkate.

Njia ya tano ndiyo iliyomrudisha mkono mgeni wangu. Chukua omena wakavu, konzi mbili za mkono. Wapepete, kisha waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne mpaka mchanga uishe, kwa sababu wengi huanikwa chini. Apendaye huwatoa vichwa. Wakaushe katika kikaango bila mafuta mpaka walie kama majani makavu. Hapo tia mafuta kidogo, kitunguu maji, tangawizi, thomu na nyanya moja, upike mpaka mchuzi wote ukauke. Kamulia limau, waponde kidogo, uchanganye na kiazi kimoja kikubwa kilichopondwa ili washikane. Jaza, uchovye, ukaange. Asiyeambiwa hatajua kama si samaki wa bahari.

Kwa desturi serikali hufunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Miezi hiyo tumia wale wakavu waliowekwa, au uirudie mbuta.

SAHANI ISIRUDI TUPU

Sasa nirudi kwenye nyama. Sisi Waislamu hapa Kisumu ni wachache, na majirani zetu walio wengi ni Wakristo. Mwezi wa Ramadhani, kama ilivyo desturi ya kwetu, hupeleka sahani kwa jirani kabla ya magharibi. Na kila aliyelelewa pwani ajua kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Nilipokuwa nikipeleka sambusa za nyama, jirani yangu, mama wa Kijaluo mwenye adabu nyingi, alipokea na kushukuru, lakini sahani ilirudi imeoshwa, haina kitu. Nilidhani ni desturi yao. Siku moja aliniambia mwenyewe: alikuwa anataka kunipikia, ila anajua kuwa nyama yake nitauliza nani amechinja, naye hakutaka kunitia katika mashaka. Miaka miwili alikuwa akila changu na kujiona mdaiwa, nami nikijiona mkarimu!

Samaki hana jambo hilo. Sheria yetu imemhalalisha bila kuchinjwa, na hata kwa wenzetu wa madhehebu wanaoshurutisha magamba, ngege, mbuta na omena wote wana magamba. Samaki hatoki tu kwangu kwenda kwa jirani. Hutoka kwa jirani pia kuja kwangu. Tangu siku hiyo sahani yetu hairudi tupu. Yule mama ndiye aliyenifundisha kuwakausha omena kabla ya kuwatia mafuta, na mimi nikamfundisha kukoroga unga wa dengu.

Najua wako watakaouliza habari ya sufuria na mafuta yaliyopikia vitu vingine. Swali hilo ni la haki, na nililiuliza kwa upole. Jibu lake lilikuwa kikaango kipya alichokinunua, ambacho hupikia samaki peke yake. Je, ni wangapi kati yetu waliowahi kumnunulia jirani chombo?

Wengine husema tukiendelea hivi mapishi ya pwani yatapotea. Siamini. Hakuna aliyesema mahamri yatupwe au biriani isipikwe. Lakini mapishi ya pwani yalikua kwa kupokea: unga wa dengu kutoka India, pilipili na viazi kutoka Amerika. Tukisema mlango wa kupokea ulifungwa siku tulipopanda gari moshi kuja bara, tutakuwa hatuyalindi mapishi hayo. Na wale wanaomdharau omena kwa udogo wake niwakumbushe kuwa pwani na visiwani dagaa wa bahari huliwa, wala hatujaona haya.

Ni kweli sehemu kubwa ya omena huishia kuwa chakula cha kuku na mifugo. Hilo halimfanyi asiwe chakula cha binadamu, kama vile mahindi yanayopewa kuku hayaufanyi ugali kuwa haramu.

Tena tazama sahani ile aliyoisukuma mgeni wangu. Pilipili mgeni, viazi wageni, unga wa dengu mgeni, na mpishi mwenyewe mgeni. Hata mbuta ni mgeni ziwani: alitiwa humo miaka ya 1950, akawala wale fulu wadogo mpaka aina nyingi zikatoweka. Mwenyeji alikuwa omena peke yake, naye ndiye aliyekataliwa.

Wahenga walisema, pilipili usiyoila yakuwashia nini? Mgeni wangu aliila wala haikumwasha. Kilichomwasha ni jina. Basi, ndugu msomaji wa kando ya ziwa, Ramadhani ijayo jaza pilipili kumi na mbili kwa samaki wa hapo ulipo. Sita ziweke mkekani. Sita zifunike kwa sahani, ubishe hodi kwa jirani kabla ya adhana, na ungoje uone sahani hiyo itarudi na nini.