RAM: Kuingia Siyo Kukubali

Jamani, nimeliwa! Tena kwa herufi moja tu: L.

Laptopu yangu ni ya 2013, niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina memori ya GB 4. Nikifungua kurasa tano za intaneti na faili la habari ninayoandika, inaganda, na mhariri hajui lugha ya "imeganda". Nikaenda Kariakoo. "Kaka, naomba RAM ya laptopu, DDR3, GB 4." Akanipa, nikalipa elfu thelathini, nikaondoka kifua mbele.

Nyumbani nikaichomeka kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Ikaingia vizuri kabisa. Nikawasha: kioo cheusi. Nikaitoa, mashine ikawaka. Kesho yake nikairudisha dukani, muuzaji akaninyooshea kidole chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Ndipo nikasoma lebo. Ya zamani imeandikwa PC3L, mpya PC3. Yenye L hutumia umeme wa volti 1.35, isiyo na L inataka volti 1.5. Zote zina pini 204 na mkato uko mahali pamoja, ndiyo maana inaingia bila ubishi. Lakini laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizoanza kuuzwa 2013, zinataka yenye L tu. Ingekuwa DDR4, yenye pini 260, isingeingia na ningejua palepale. Ya hatari ni ile inayoingia.

Tatizo letu tunanunua memori kama sukari: tunataja kilo tu. Kosa langu nalikubali. Lakini na wauzaji nao! Kama duka halirudishi mali, basi limruhusu mteja ajaribu kabla ya kulipa. Likikataa yote mawili, hiyo siyo biashara, ni bahati nasibu.

Kwa hiyo wadau, kabla hujatoa hela:

- Chomoa RAM ya zamani, nenda nayo dukani. Linganisha lebo, siyo GB tu.
- Angalia kasi. Ukichanganya mbili zenye kasi tofauti, kwa kawaida zote zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole.
- Tafuta kwa mtengenezaji kiwango cha mwisho ambacho modeli yako inakubali.
- Kama Windows yako ni ya biti 32, kuvuka GB 4 ni kutupa hela.
- Laptopu nyingi nyembamba memori yake imechomelewa kwenye ubao. Hapo hakuna cha kuongeza.
- Beba mashine yenyewe, iwashwe mbele yako.

Muuzaji akikwambia "hii inaingia tu", mjibu: najua inaingia, tuiwashe kwanza.