Tuipiganie Haki ya Kuzeeka

Juma hili hatuandiki habari za viti wala za uchaguzi. Twaandika habari za umri. Wapo watakaosema kwamba umri ni amri ya Mungu, na chama cha siasa hakina lake hapo. Sisi nasi twakiri kwamba hakuna aijuaye siku yake. Lakini kama mambo yote ya umri yangekuwa majaaliwa tu, mtoto wa Japani na mtoto wa Vingunguti wangekuwa na matarajio sawasawa, maana Mungu hana ubaguzi. Mtoto anayezaliwa Japani leo hutarajiwa kuishi miaka 84 hivi. Wa kwetu hutarajiwa kuishi miaka 67 hivi. Hiyo miaka 17 iliyo katikati yatokana na maji, dawa, shule, chakula na sheria za nchi, na hayo yote huamuliwa na watu vikaoni.

Kabla hatujaendelea, tuelewane juu ya hesabu, kwa sababu watu wengi huipotosha. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa wastani wa maisha ya Mtanzania ulikuwa miaka arobaini na kidogo. Mara humsikia mtu akisema, "Basi babu zetu walikuwa wakifa na miaka arobaini." Si hivyo. Kila mtaa wa Gerezani na Kariakoo ulikuwa na wazee wake wa miaka sabini, wenye bakora na kanzu, na mabaraza yao hayakuwa matupu. Chukua mfano wa watoto 10. Wanne wakifa wakiwa na mwaka mmoja, kwa surua, malaria au kuhara, na sita waliobaki wakafika miaka 70, jumla ya miaka yao wote ni 424, na wastani ni 42 na kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa akiwa na miaka arobaini! Wastani ulikuwa mdogo kwa sababu ya makaburi madogo. Atakayeishika hesabu hii moja atayaelewa yote yafuatayo.

Wakoloni waliielewa vizuri, ndiyo maana walijikinga wao kwanza. Mji huu wa Dar es Salaam waliugawa mafungu: Uzunguni kule penye upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini huku kwetu Kariakoo na Ilala, jirani na pale ilipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, iliyotupatia jina letu. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni afya. Yaani afya yao. Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alikwenda Sewa Haji, hospitali yenye jina la tajiri wa Kihindi aliyetoa fedha zake mwenyewe. Muhimbili ilikuja katika miaka ya 1950, tena ikapewa kwanza jina la binti wa mfalme wa Uingereza. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba baada ya miaka yote ile ya utawala wao, Waingereza walituachia madaktari 12 na wahandisi 2.

Sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 1963 chuo cha kufundisha waganga kilianzishwa hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hapakuwa na utajiri wowote katika jambo lile. Palikuwa na redio, jembe na kikundi kilichoongozwa. Hesabu ya mwaka 1978 ilileta wastani wa miaka 44, na ya mwaka 1988 ikaleta kama 50.

Halafu tukasimama. Kutoka mwaka 1988 hadi 2002, miaka 14 mizima, wastani ulipanda kwa mwaka mmoja tu, ukawa 51. Wenye umri wanajua ni kwa nini. Ukimwi, uliogunduliwa kwetu mkoani Kagera mwaka 1983, ulikuwa ukichukua watu wenye nguvu, baba na mama wa watoto wadogo, na bibi akabaki na wajukuu watano chumba kimoja. Wakati huo huo, mwaka 1993, serikali ilianza kutoza ada katika hospitali zake, ikifuata mashauri ya wakopeshaji. Lakini kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure, na hesabu ya mwaka 2012 ikatuletea miaka 61. Miaka kumi ndani ya miaka kumi! Dawa ile ile ingeuzwa kwa bei ya soko, tungekuwa tunaandika tahariri nyingine.

Watoto nao wameokoka kwa wingi. Uchunguzi wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa katika watoto 1,000 waliozaliwa, 147 hawakufika miaka mitano. Wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Chanjo imefanya kazi hiyo, na vyandarua, na zahanati zilizosogea karibu. Akina mama wanaokufa kwa uzazi walikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa uchunguzi wa mwaka 2015-16. Ule wa mwaka 2022 ukatoa 104. Hatusemi kwamba 104 ni kidogo. Kwa yule ambaye mkewe hakurudi kutoka wodini, hesabu ni moja tu.

Wapo ndugu zetu wasemao kwamba haya yote yangoje utajiri: tutajirike kwanza, afya itakuja yenyewe. Twawajibu kwa mifano miwili. Japani ya mwaka 1947 ilikuwa nchi iliyoungua kwa vita, na mwanamume wa huko alitarajiwa kuishi miaka 50, mwanamke 54. Mwaka 1961, mwaka ule ule tulioipandisha bendera yetu, Wajapani walikamilisha mpango wa bima ya afya kwa kila raia, nao wakati huo hawakuwa matajiri kama tunavyowajua leo. Kwa upande mwingine Marekani hutumia fedha nyingi kwa matibabu ya kila mtu kuliko nchi yoyote duniani, na bado watu wake huishi miaka michache kuliko Wajapani. Tena katika mwaka 2020 na 2021 wastani wao ulishuka. Fedha ni jambo kubwa, hatukatai. Ila kubwa kuliko fedha ni kuuliza zimemfikia nani.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Mtoto aliyeokolewa na chanjo amekuwa mtu mzima, na yuko Kariakoo. Anasukuma mkokoteni kutoka alfajiri, anabeba marobota ya mitumba, anauza soksi juani, anapika mihogo na chapati pembeni mwa Msimbazi. Je, huyu atazeeka?

Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya na wataalamu kutoka chuo kikuu cha Newcastle, Uingereza, walifanya kazi ya pekee katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro. Palipotokea msiba walikwenda nyumbani, wakawauliza wafiwa kwa upole: marehemu aliugua nini, kwa siku ngapi, alianzaje? Walifanya hivyo kwa kuwa vifo vingi vya nchi hii haviingii katika daftari lolote. Walipotoa majibu yao mwaka 2000, wengi walishangaa. Kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kilikuwa kikiua wanaume kati ya 35 na 65 katika kila 100,000 kwa mwaka, na wanawake kati ya 27 na 88. Huko Uingereza na Wales, ambako tulidhani ndiko kwenye magonjwa ya wenye shibe, waliokufa kwa kiharusi katika umri huo walikuwa 11 hivi kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Wataalamu walisema sababu inayoelekea zaidi ni presha isiyotibiwa.

Fikirini jambo hilo. Ugonjwa tuliouita wa matajiri ulikuwa ukiwaua maskini mara kadhaa zaidi, kwa sababu tajiri hupimwa na kunywa kidonge, na mchukuzi hajui kwamba anao. Presha haiumi. Mtu hufanya kazi nayo miaka kumi, kisha siku moja huanguka sokoni, mdomo umekwenda upande, na walio karibu husema amepigwa na jini. Hapelekwi hospitali, apelekwa kwa mganga. Wala hatumlaumu mama ntilie kwa chumvi yake, wala kijana kwa chipsi na soda. Mtu hula kinachouzwa karibu na kazi yake kwa bei anayoiweza. Lawama twaiweka mahali pake: soko lenye maelfu ya watu wanaofanya kazi za sulubu lapaswa kuwa na chumba kimoja chenye mashine ya presha na muuguzi, kama lilivyo na ofisi ya ushuru. Ushuru haukosi mtu wa kuukusanya.

Na yule atakayefika, atafikia katika hali gani? Katika kila Watanzania 100, wenye miaka 60 na zaidi ni kama 6 tu. Kwa Japani, waliopita miaka 65 wanakaribia 30 katika kila 100. Kwa hiyo wakubwa husema kwamba uzee si shida yetu, sisi ni taifa la vijana. Hapo ndipo tunapokataa. Sisi tunaoandika gazeti hili hatujafika miaka thelathini, na jambo hili ni letu. Wazee wa mwaka 2060 ndio hawa wanaopanga nyanya Kariakoo leo, na wengi wao hawana mwajiri, hawana karatasi, hawachangi mfuko wowote wa pensheni. Pensheni ni ya karani na askari. Aliyembebea karani mizigo yake miaka arobaini hana chake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliandika mengi mazuri, na matibabu bure kwa mzee asiyejiweza ni moja la mambo yaliyoahidiwa. Milangoni mwa hospitali twasoma kwamba tumpishe mzee apate huduma kwanza. Naam, mzee hupishwa, humwona daktari, kisha hupewa cheti akanunue dawa dukani. Kupishwa kwenye foleni ya kuelekea kwenye dirisha lisilo na dawa ni adabu nzuri tu.

Watu hutuambia kwamba kwa desturi zetu mtoto ndiye pensheni. Twaiheshimu desturi hiyo, na hatutaki siku ifike mzee wa Buguruni awekwe nyumba ya wazee na wanawe wapo. Lakini mtoto mwenyewe amepanga chumba kimoja, hana kazi ya kudumu, na ana wanawe. Mara nyingi mambo yamegeuka: bibi ndiye alishaye wajukuu. Pensheni ndogo haivunji desturi, humwezesha mtoto kuitimiza.

Tena ndugu zetu wa ng'ambo ya mlango wa bahari wamekwisha tuonyesha njia. Tangu Aprili 2016 Zanzibar humlipa kila mzee aliyefikia miaka 70, awe alikuwa mkurugenzi au mvuvi wa pweza, bila kumwuliza alichanga nini. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kama visiwa viliweza, Bara haina kisingizio. Tupige hesabu mbele ya watu wote. Wazee 1,000,000 wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ni shilingi bilioni 240 kwa mwaka. Bajeti ya taifa ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49 na zaidi. Gharama hiyo haifiki shilingi 1 katika kila shilingi 200. Wanaosema nchi haina uwezo watuonyeshe ni shilingi ipi katika hizo 200 isiyoweza kuguswa.

Basi matawi ya Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini, Ilala na Buguruni yasikilize. Kila tawi lipate mashine moja ya presha, bei yake haishindi ile ya vipaza sauti tunavyokodi kwa mkutano mmoja, na liombe muuguzi wa zahanati ya jirani aje siku moja kila juma, saa za asubuhi kabla mizigo haijaanza kushuka. Atakayekutwa na presha asiachwe na karatasi mkononi. Mwanachama mmoja amsindikize hadi hospitalini, na amwulize tena baada ya mwezi kama bado anameza dawa. Mabalozi waandike, kwa ridhaa ya wenyewe, majina ya wazee wote waliofikia miaka 70 katika mitaa yao, kazi waliyofanya katika ujana wao, na wanavyoishi sasa. Wasiruke nyumba ya asiye mwanachama. Mkutano wa bajeti wa Bunge huanza mwezi Aprili. Orodha hizo ziwe zimefika mikononi mwa wabunge wa Dar es Salaam kabla hawajafunga safari ya Dodoma.