Ratiba ya karo isiachiwe tarakilishi

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la shule nyingi limo ndani ya tarakilishi, nami siupingi mwendo huo. Ninachokipinga ni dhana kwamba programu ya uhasibu ikishaagizwa kutoa ankara za karo kila muhula, mhasibu hana haja ya kuzitazama tena.

Majuzi nilimkuta mama mmoja kwenye lango la shule fulani, stakabadhi zake zote mkononi. Mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa deni la malazi, ilhali tangu mwaka uanze alikuwa mwanafunzi wa kutwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwaka uliotangulia tarakilishi iliagizwa kudai ada ya bweni, nayo ikaendelea kutii.

Ankara ya kujirudia huhitaji mambo manne: nani anadaiwa, kiasi gani, kila baada ya muda gani, na madai yakome lini. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa. Pasipo tarehe ya kukoma, madai huzidi kurundikana hata baada ya mwanafunzi kuhama.

Kiasi nacho kina mtego wake. Kwa miaka mingi Wizara ya Elimu imeelekeza kwamba karo ya shule za upili za umma ilipwe kwa mgao wa asilimia 50, 30 na 20 katika mihula mitatu. Mathalani, karo ya mwaka ikiwa Sh40,000, mzazi hudaiwa Sh20,000, kisha Sh12,000, kisha Sh8,000. Mhasibu akiagiza kiasi kimoja kirudiwe kila muhula, angalau ankara mbili kati ya tatu zitakuwa na makosa. Sharti aandae ratiba tatu, kila moja ijirudie mara moja kwa mwaka.

Wako watakaosema kwamba tarehe za mihula zinajulikana. Je, wamesahau? Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona. Mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai, ule wa 2022 ukaanza Aprili, na Januari ikarejea 2023. Ratiba iliyoagizwa kutoa ankara kila Januari, Mei na Septemba ingewadai wazazi karo ya madarasa yaliyofungwa.

Dawa ipo. Baadhi ya programu, QuickBooks ikiwamo, humpa mtumiaji hiari: ankara itoke yenyewe, au kwanza apewe ukumbusho ili aikague. Naona shule zote zichague njia ya pili. Kabla ya muhula kufunguliwa, mhasibu alinganishe orodha yake na sajili za walimu wa darasa: nani amehama, nani ametoka bweni, nani amepata basari.

Walimu wa Elimu ya Biashara nao wawafunze wanafunzi kwamba uhasibu si kubonyeza vitufe tu. Vijana hao ndio watakaoketi katika ofisi hizo kesho.

Tarakilishi haijui kwamba mtoto amehama bweni. Mwalimu wake wa darasa anajua. Basi na aulizwe yeye kwanza, kabla ya mtoto huyo kutolewa darasani.