Msafiri wa Baiskeli Alale Wapi?

Mtu akitaka kuijua nchi yake, na apande baiskeli. Aliye ndani ya basi huona madirisha ya maduka tu. Wa baiskeli huamkiana na kila kijiji. Mimi nimeipanda kutoka Nairobi, nikateremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, nikapita Naivasha na Gilgil hadi Nakuru, mwendo wa kilomita 160 hivi. Milima haikunishinda. Kilichonisumbua ni swali la kila magharibi: nitalala wapi?

Wenye fedha wana mahoteli yao. Wazungu wa baiskeli hupiga mahema kando ya Ziwa Naivasha, ambako usiku viboko hutoka majini kula majani. Msafiri wa mfuko mwepesi huelekezwa kwenye nyumba za kulala wageni mjini, na nyingi nilizoziona zina baa chini na vyumba juu. Katika mojawapo nililipia kitanda, baiskeli ikaachwa uani bila mlinzi, muziki haukunyamaza hadi karibu na alfajiri, na maji ya kutawadhia nikayatafuta kwa tochi. Simlaumu mwenye nyumba. Yeye anafanya biashara yake. Lakini je, Mwislamu hana pengine pa kwenda?

Nchi ile si ngeni kwetu. Kabla ya reli kufika Nakuru mwaka 1900, misafara kutoka Pwani ilipita Naivasha ikielekea Baringo, watu wakilala ndani ya boma la miiba. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883, wengi wa wapagazi wake walikuwa wameandikwa Unguja. Leo Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, ina misikiti yake, na ina mtaa uitwao Bondeni, jina ambalo Mombasa pia tunalo. Hata hivyo, misikiti niliyoipitia njiani ilitiwa kufuli mara tu baada ya sala ya isha. Mgeni alipewa salamu njema, kisha akaelekezwa kule kule kwenye baa.

Nasema haya kwa sababu jirani zetu wametutangulia. Nani kati yetu asafiriye kwenda Nairobi asiyelijua hekalu la Masingasinga pale Makindu? Lilijengwa mwaka 1926, na mpaka leo mpita njia wa dini yoyote hupewa chakula na pa kulala bila kutozwa. Hutakiwa afunike kichwa, avue viatu, asilete ulevi wala tumbaku. Akipenda hutoa sadaka, asipopenda huenda zake kwa amani.

Sisi tumeamrishwa zaidi ya hayo. Sura ya Tawba, aya ya 60, inawataja watu wanane wanaostahili zaka, na wa mwisho wao ni ibnu sabili, yaani msafiri aliyepungukiwa njiani. Tunamsoma kila mwaka, lakini hatumtandikii mkeka.

Najua watakayoyasema wazee wa kamati: nyakati ni mbaya, mgeni asiyejulikana huenda akawa mwizi au mbaya kuliko mwizi. Hofu hiyo ina haki yake, lakini dawa yake ipo. Mgeni aonyeshe kitambulisho, jina liandikwe daftarini, na alale chumba cha pembeni, si ndani ya msikiti. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kuwa ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na wahenga wetu wakasema siku ya tatu mpe jembe. Mwendesha baiskeli haombi hata hizo tatu; usiku mmoja wamtosha.

Basi kila mji wa Bonde la Ufa wenye msikiti uanze na chumba kimoja: mikeka minne, blanketi za kukinga baridi ya kule, birika la maji na mlango wa kufungia baiskeli. Na sisi wa Pwani, ambao watoto wetu ndio watakaolala humo, tusiwaachie wenyeji mzigo. Sehemu ya zaka zetu ipande bara.