Nafasi moja tupu isimnyime mutu chakula

Pahali petu pa juu milimani wengine wanapaandika Bibokoboko, wengine Bibogobogo. Sisi tukisikia, tunajua ni pahali pamoja. Kompyuta haijui. Kwake, herufi moja ikibadilika, hilo ni jina lingine kabisa. Hata "Baraka" na "baraka" si kitu kimoja, na nafasi tupu iliyobaki nyuma ya jina inatosha kulifanya kuwa jina geni.

Kwa familia zilizokimbia Bibokoboko katika vita vya Oktoba 2021, hili si jambo dogo. Mukimbizi anaandikwa na mukubwa wa kijiji, kisha na shirika, kisha na kituo cha afya, kila mmoja na herufi zake. Siku ya kugawa chakula, kompyuta ikilinganisha orodha hizo, mama anaweza kuambiwa: jina lako halipo.

Kwa hiyo nasema: vijana wa Baraka na Fizi wanaojifunza lugha ya PHP wasikimbilie rangi na picha za ukurasa. Waanze na maneno. trim inafuta nafasi tupu za mwanzo na mwisho. strtolower inageuza herufi kubwa kuwa ndogo. str_replace inaondoa neno na kuweka lingine. strlen inahesabu baiti, si herufi: "André" ikiandikwa kwa UTF-8, inajibu 6, mb_strlen inajibu 5. Majina yetu mengi ya ubatizo ni ya Kifaransa, basi jambo hilo litawakuta mapema.

Iko pia levenshtein, yenye jina la mwanahisabati Vladimir Levenshtein wa Urusi, aliyeeleza kipimo hicho mwaka 1965. Inahesabu ni herufi ngapi za kuongeza, kutoa au kubadilisha ili neno moja liwe lingine. Kati ya Bibokoboko na Bibogobogo inajibu 2. Lakini kati ya Maria na Mariamu pia inajibu 2, na hao wanaweza kuwa wanawake wawili, kila mmoja na watoto wake.

Hapo ndipo pa kuangalia sana. Programu ionyeshe majina yanayokaribiana. Isifute hata moja. Kuamua ni kazi ya mutu anayekaa na familia na kuuliza: baba ni nani, mulitoka kijiji gani, watoto ni wangapi. Na ninyi mulio ukimbizini, mukiandikishwa, ombeni musomewe jina herufi kwa herufi kabla ya mwandikaji kuondoka.