Gonga kwanza, chonga baadaye

Makala kuhusu jinsi kompyuta zinavyokokotoa nyufa ni nzuri, ila mwandishi amekwenda mbali mno kutafuta nyufa, hadi kwenye barafu ya ncha za dunia. Huku Tabaka, Kisii, jiwe la sabuni hutupasukia mikononi kila wiki. Baba mdogo alinifundisha kuligonga kwa mpini wa panga kabla ya kushika patasi. Likilia, chonga. Likijibu "dup", lina ufa ndani, hata kama macho hayauoni. Mwaka jana nilijifanya mjuaji. Kiboko niliyemchonga siku tatu aliachana vipande viwili nikimpiga msasa wa maji, tena si shingoni nilikoogopa bali tumboni, penye mshipa mwekundu.

Mhandisi Griffith alilieleza jambo hili la nyufa mwaka 1921 kwa majaribio ya kioo: mkazo hujikusanya kwenye ncha ya ufa, na ufa hukimbia pale nishati inayoachiliwa inapotosha kuunda nyuso mpya mbili. Kompyuta hupiga hesabu hiyo kwa kuligawa jiwe vipande vidogo maelfu. Sawa, nakubali. Lakini si lazima iambiwe kwanza mshipa uko wapi? Hata mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai kule Nyamira, pasua punje moja uone: tabaka jeupe, tabaka angavu, viputo vya hewa, na ya pili haifanani nayo. Hizo programu hubahatisha mishipa, au kuna mtu hutangulia kugonga jiwe?